Mtandao Upi Haupo? Somo Kuhusu Aina za Mitandao ya Kompyuta



Miongoni mwa maneno yanayowarudisha watu nyumbani mikono mitupu, mawili yamekuwa maarufu mno siku hizi: "Mtandao haupo."

Chukua mfano wa mama aliyeamka alfajiri, akambeba mwanawe mgongoni na kulipa nauli ya bodaboda mpaka kituo cha afya. Anapofika dirishani anaambiwa, "Pole mama, mtandao haupo. Subiri kidogo, au rudi kesho." Mama anakwenda kukaa kwenye benchi. Mtoto ana homa. Hajui asubiri mpaka saa ngapi, hajui amwulize nani, wala hajui kama kilichoharibika ni waya ulio nyuma ya ukuta anaouegemea au ni kebo iliyolala chini ya bahari, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Pengine hata aliyemwambia maneno hayo hajui.

Makala haya yanakusudia kuondoa giza hilo. Tunapenda kila mkazi wa kata afahamu kwamba neno "mtandao" ni jina la vitu vingi, na kwamba kimoja kinaweza kukatika huku vingine vikiendelea kufanya kazi. Mwenye kuzijua aina za mitandao huweza kuuliza swali sahihi, na swali sahihi aghalabu ndilo linalofungua mlango wa huduma.

MTANDAO WA KOMPYUTA NI NINI?

Mtandao wa kompyuta ni muungano wa vifaa viwili au zaidi vilivyounganishwa ili vipashane taarifa, au vitumie kwa pamoja kitu kimoja kama vile mashine ya kuchapishia, hifadhi ya kumbukumbu au njia ya kwenda nje. Tusemapo kompyuta, tusifikirie ile ya mezani pekee. Simu ya kisasa iliyo mfukoni mwako ni kompyuta. Kishikwambi alichotumia karani wa Sensa ya mwaka 2022 ni kompyuta. Mashine ya kukusanyia ushuru gulioni nayo ni kompyuta.

Ili mtandao uwepo, mambo matatu ni ya lazima. La kwanza ni vifaa vyenyewe. La pili ni njia ya kuviunganisha, ambayo yaweza kuwa waya wa shaba, nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, au mawimbi ya redio yapitayo hewani. La tatu ni kanuni za mawasiliano. Watu wawili hawaelewani ikiwa kila mmoja anasema lugha yake. Vivyo hivyo kompyuta mbili hazielewani bila kanuni zinazokubaliwa na pande zote mbili. Kanuni hizo hueleza, pamoja na mengine, namna ya kuandika anwani. Kama vile nyumba zetu zilivyowekewa namba katika zoezi la Anwani za Makazi, ndivyo kila kifaa kilicho mtandaoni kinavyokuwa na anwani yake ya namba, ili taarifa isipotee njiani.

Njia nyepesi ya kuielewa mitandao ni kuitazama kama barabara. Iko njia ya uani, itokayo jikoni hadi bandani. Iko barabara ya kijiji. Ziko barabara za wilaya zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), na ziko barabara kuu na za mikoa zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara (TANROADS). Mwisho iko bandari, na baada yake bahari. Daraja la kijiji likivunjika, hatumwendei meneja wa bandari. Na meli ikichelewa baharini, hilo halimzuii mtu kutoka jikoni kwenda bandani. Mitandao nayo ina ngazi zake, na kila ngazi ina msimamizi wake.

NGAZI YA KWANZA: MTANDAO WA MTU BINAFSI

Huu ndio mtandao mdogo kuliko yote. Huunganisha vifaa vya mtu mmoja vilivyo karibu naye, kwa kawaida ndani ya takriban mita 10. Simu inapopiga muziki kwenye spika kwa Bluetooth, huo ni mtandao wa aina hii. Karani wa mnada anapobonyeza simu yake, na kichapishi kidogo kinachoning'inia kiunoni kikatoa stakabadhi, simu na kichapishi hicho vimeunganishwa kwa mtandao wa aina hiyohiyo.

Mtandao huu hauhitaji bando, mnara wala mkongo. Ukikatika, sababu huwa ndogo: betri imeisha, kifaa kimezimwa, au vifaa vimetengana mno. Mwenye kifaa ndiye fundi wa kwanza.

NGAZI YA PILI: MTANDAO WA NDANI

Mtandao wa ndani huunganisha kompyuta za jengo moja au eneo moja: ofisi ya kata, shule, kituo cha afya, benki. Waweza kutumia waya au usitumie.

Ule wa waya hutumia kebo zinazokutana katika kisanduku kiitwacho swichi. Mfumo unaotumika zaidi ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, Marekani, na mpaka leo ndio unaotawala maofisini. Kebo moja ya shaba ya mfumo huo haipaswi kuzidi mita 100 hivi. Zaidi ya hapo mawimbi hudhoofika na taarifa huanza kuharibika. Ndiyo maana jengo lililo mbali na jengo kuu huhitaji swichi nyingine katikati au kebo ya nyuzi za kioo.

Ule usiotumia waya huitwa Wi-Fi. Kisanduku chenye antena hurusha mawimbi yanayofika makumi kadhaa ya mita ndani ya nyumba, na hupungua nguvu kila yanapopita ukuta, hasa ukuta mnene wa zege.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatukulifahamu, nalo ndilo kiini cha somo hili: mtandao wa ndani hauhitaji intaneti ili ufanye kazi. Kompyuta ya mapokezi na kompyuta ya dirisha la dawa zinaweza kupashana taarifa hata kama kijiji kizima kimetengwa na dunia, mradi tu umeme upo, swichi inawaka, na kumbukumbu zinazohitajika zimehifadhiwa katika kompyuta kuu, iitwayo seva, iliyomo ndani ya jengo hilohilo. Lakini kumbukumbu hizo zikiwa zimehifadhiwa katika seva iliyo mkoani, Dodoma au nje ya nchi, basi njia ya nje ikikatika jengo lote hubaki kama duka lililofungwa ilhali ufunguo uko safarini.

Kutokana na hilo tunajifunza pia kutodanganywa na alama. Alama ya Wi-Fi ikiwaka kwenye simu yako, maana yake ni kwamba simu imeunganishwa na kile kisanduku cha karibu. Haina maana kwamba kisanduku nacho kimeunganishwa na intaneti. Kufika stendi si kupanda basi.

NGAZI YA TATU: MTANDAO WA MJI

Taasisi moja inapokuwa na majengo kadhaa yaliyotawanyika katika mji au eneo la kilomita chache, na majengo hayo yakaunganishwa yawe kama ofisi moja, tunapata mtandao wa mji. Chuo chenye kampasi mbili, benki yenye matawi mjini, au makao makuu ya halmashauri yaliyounganishwa na idara zilizo mtaa wa pili, yote ni mifano yake. Kiungo huwa kebo ya nyuzi za kioo iliyofukiwa ardhini au kupitishwa juu ya nguzo, au antena mbili zinazotazamana pasipo kizuizi katikati.

Mtandao huu hukatika kwa sababu tunazoziona kwa macho: mtaro umechimbwa bila kuulizwa, nguzo imeanguka, au mti umekua mbele ya antena. Ndiyo maana mwananchi anayechimba msingi, kisima au mtaro anapaswa kuuliza kwanza kilichopo chini ya ardhi. Jembe moja laweza kuifunga ofisi nzima.

NGAZI YA NNE: MTANDAO MPANA

Mtandao mpana huunganisha mitandao ya ndani na ya miji katika mikoa au nchi. Katika nchi yetu uti wa mgongo wa mawasiliano haya ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL). Mkongo huo hufika mikoani, na huungana na mitandao ya nchi jirani, zikiwemo Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi ambazo hazina pwani.

Mitandao ya simu za mkononi nayo ni mitandao mipana. Wengi hudhani kwamba simu huongea na mnara, na mnara huongea na dunia kwa njia ya hewa tu. Sivyo. Mnara ni mlango wa kuingilia. Nyuma yake kuna antena inayotazamana na mnara mwingine, au kebo ya nyuzi za kioo, na safari yote iliyobaki hupita huko. Kwa hiyo waweza kuona vijiti vyote vya mawimbi vimejaa kwenye simu yako na bado ujumbe usiende, kwa kuwa mlango uko wazi lakini barabara ya nyuma imekatika.

Sehemu zisizofikiwa na mnara wala kebo huweza kutumia setilaiti. Setilaiti za mawasiliano za aina ya zamani hukaa kimo cha kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka, na safari hiyo peke yake huchukua karibu nusu sekunde. Ndiyo sababu mazungumzo kwa njia hiyo huwa na kigugumizi. Zipo pia setilaiti mpya zinazozunguka kwa kimo cha mamia ya kilomita tu, ambazo hujibu haraka zaidi.

NGAZI YA TANO: INTANETI, MTANDAO WA MITANDAO

Intaneti si mtandao mmoja wenye mwenyewe. Ni makumi ya maelfu ya mitandao ya makampuni, vyuo, serikali na mashirika, iliyokubali kufuata kanuni moja ili taarifa ipite kutoka huu kwenda ule.

Asili yake ni mtandao wa utafiti wa Marekani ulioitwa ARPANET. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, kompyuta ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles ilijaribu kutuma neno la kuingilia, lenye herufi tano, kwa kompyuta iliyokuwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Zilifika herufi mbili tu, L na O, kisha mfumo ukakwama. Walirekebisha, na baada ya muda kama wa saa moja neno zima likafika. Hivyo mtandao ulikatika siku ileile ulipozaliwa, na waliokuwapo hawakusema rudi kesho, walitafuta kilichokwama. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao huo ulihamia kwenye kanuni ambazo intaneti inazitumia hata leo.

Tusichanganye pia intaneti na tovuti. Intaneti ni barabara. Tovuti ni miongoni mwa magari yapitayo humo. Mfumo wa tovuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN, miaka 20 baada ya herufi zile mbili. Ujumbe wa simu, barua pepe, malipo na simu za video ni magari mengine.

Afrika Mashariki imeungana na dunia kwa kebo za baharini tangu zamani. Mwaka 1879 kebo ya simu za maandishi ilifika Zanzibar kutoka Aden na kuendelea hadi kusini mwa Afrika. Kebo za nyuzi za kioo zilikuja baadaye sana: SEACOM ilianza kazi mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, na zote mbili zinafika Dar es Salaam. Kabla ya hapo tulitegemea zaidi setilaiti, na gharama ilikuwa kubwa.

MITANDAO KWA KUTAZAMA ANAYERUHUSIWA KUINGIA

Mbali na ukubwa, mitandao hutofautishwa kwa ruhusa. Mtandao wa wazi ni ule unaoweza kuingiwa na mtu yeyote, kama Wi-Fi ya bure stendi au hotelini. Mtandao wa taasisi ni ule unaoingiwa na watumishi wake pekee kwa majina na nywila. Mifumo mingi ya Serikali hukaa humo. Na ipo njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti: taarifa hufungwa kwa fumbo tangu inapotoka hadi inapofika, mfano wa barua iliyomo ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri, ijapokuwa imebebwa na basi la abiria wote. Nchini mwetu matumizi ya njia hizo huongozwa na taratibu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Tofauti hii nayo hueleza baadhi ya matatizo dirishani. Inawezekana intaneti ipo, simu ya mtumishi inapokea ujumbe, na bado mfumo wa malipo haufunguki kwa sababu seva ya taasisi husika imezimika au iko katika matengenezo. Hapo kilichokosekana ni mfumo, na mtandao hauna kosa.

UMBO LA MTANDAO NA SABABU YA KUKATIKA

Namna vifaa vinavyopangwa ndiyo inayoamua kiasi cha hasara pindi kimoja kinapoharibika. Katika umbo la nyota, kila kompyuta ina waya wake unaokwenda kwenye swichi ya katikati. Waya mmoja ukikatika, kompyuta moja tu huathirika. Swichi ikifa, zote hunyamaza. Katika umbo la mstari, vituo hufuatana kama vijiji vilivyo kando ya barabara moja. Pakikatika katikati, walio mbele wote hukosa. Katika umbo la pete, mstari huo hurudishwa mpaka ulipoanzia, hivyo pakikatika mahali pamoja taarifa huzungukia upande wa pili. Katika umbo la wavu, kila kituo kina njia kadhaa, na hilo ndilo umbo imara kuliko yote na ghali kuliko yote.

Tulilishuhudia hilo kwa macho yetu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa wakati mmoja katika bahari iliyo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania na majirani zake kadhaa walipata intaneti dhaifu au wakaikosa. Njia zilikuwa mbili, lakini zilipita karibu-karibu, zikaumia pamoja. Kebo ya baharini hutengenezwa na meli maalumu, inayoivua kutoka chini na kuiunga upya juu ya sitaha, kwa hiyo kazi hiyo si ya saa moja. Somo lake ni kwamba wingi wa njia hausaidii ikiwa njia zote zinapita mahali pamoja.

Hata hivyo, siku kama ile simu mbili zilizo chumba kimoja bado zingeweza kupeana picha kwa Bluetooth. Mtandao wa ndani wa shule bado ungeweza kuchapisha mitihani. Kilichoumia kilikuwa ngazi ya tano. Ngazi za chini zilikuwa na uwezo wa kuendelea.

JINSI YA KUTAMBUA KILICHOKATIKA

Unapoambiwa kwamba mtandao haupo, maswali haya manne, yakiulizwa kwa upole na kwa mpangilio, yatakusaidia wewe na mtumishi aliye mbele yako:

Kwanza, je, kompyuta zote humu ndani zimekwama, au ni hii moja? Ikiwa ni moja, tatizo ni kifaa au waya wake, na dirisha la jirani laweza kukuhudumia.

Pili, je, kompyuta za humu ndani zinaonana zenyewe kwa zenyewe? Zikionana, mtandao wa ndani ni mzima, na kazi zisizohitaji nje zaweza kuendelea.

Tatu, je, simu za watu waliopo hapa zinapata intaneti? Zikipata kwa kampuni zote ilhali ofisi haipati, tatizo liko kwenye kiungo cha ofisi hiyo. Zikikosa za kampuni moja tu, ni mnara au njia ya kampuni hiyo. Zikikosa zote, tatizo ni kubwa zaidi ya kata.

Nne, je, tovuti nyingine zinafunguka isipokuwa mfumo huu mmoja? Kama ndivyo, ni mfumo uliozimika, na taarifa ipelekwe kwa taasisi inayouendesha.

Majibu ya maswali haya hutoa jambo la thamani kwa mwananchi, nalo ni makadirio ya muda. Waya uliochomoka hurudishwa kwa dakika. Swichi iliyoungua yaweza kuchukua siku. Kebo iliyokatwa mtaroni husubiri mafundi. Kebo ya baharini husubiri meli. Mtu akilijua hilo, ataamua kwa haki kama abaki kwenye benchi, arudi shambani, au atafute kituo kingine.

HAKI NA WAJIBU MTANDAO UNAPOKATIKA

Kukatika kwa mtandao si ruhusa ya kupokea fedha pasipo stakabadhi. Zipo mashine zilizotengenezwa ziweze kutoa stakabadhi hata pasipo intaneti, kisha kutuma taarifa njia inaporudi. Ukiambiwa ulipe taslimu mkononi kwa ahadi kwamba stakabadhi itakuja "mtandao ukirudi", simama kwanza. Omba namba ya malipo, ile wengi waiitayo kontroo namba, au ahirisha malipo, kisha toa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Fedha isiyo na stakabadhi haijengi darasa.

Vilevile, huduma inayohusu uhai haipaswi kusubiri kompyuta. Daftari na kalamu vilikuwapo kabla ya seva, na taarifa iliyoandikwa vizuri kwenye karatasi huweza kuingizwa katika mfumo baadaye. Ofisi yenye busara huweka daftari la dharura karibu na kompyuta, kama vile nyumba yenye umeme isivyoitupa taa ya chemli.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tusihujumu nguzo, kebo wala betri za minara, kwani anayeumia ni jirani anayetafuta gari la wagonjwa usiku. Tusitumie Wi-Fi ya wazi kufanyia malipo au kufungulia akaunti za fedha, kwa sababu hatujui nani mwingine amekaa katika mtandao huo. Tusimpe mtu namba ya siri, hata akidai anatoka "idara ya mtandao". Fundi wa kweli hahitaji namba yako ya siri ili kutengeneza waya. Kumbuka pia kwamba kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Simu yako inaonyesha alama ya Wi-Fi lakini hakuna tovuti inayofunguka. Ni mtandao gani upo, na upi haupo?

2. Mwalimu anataka wanafunzi 20 wasome kitabu kilichohifadhiwa katika seva ya shule, na intaneti imekatika. Je, somo liahirishwe?

3. Kijiji kizima kimekosa mawasiliano ya kampuni moja ya simu, bali kampuni nyingine ziko sawa. Tuanzie wapi kutafuta tatizo?

Majibu: (1) Mtandao wa ndani upo, kiungo cha kwenda intaneti hakipo. (2) La, mradi umeme upo na mtandao wa ndani wa shule ni mzima. (3) Kwenye mnara wa kampuni hiyo au njia iliyo nyuma ya mnara.

TUMALIZIE TULIPOANZIA

Sasa turejee kwa yule mama aliye kwenye benchi. Tuseme amesoma makala haya, au amesomewa na binti yake. Anainuka, anarudi dirishani na kusema, "Samahani nesi, naomba kuuliza. Ni mtandao wa humu ndani uliokatika, au ni wa nje?" Nesi anageuka, anajaribu kulifungua jalada la mtoto, na linafunguka, kwa kuwa seva imo katika chumba cha pili na swichi inawaka. Kilichokatika ni njia ya nje, ambayo ilihitajika kwa kutuma taarifa ya mwezi. Mtoto anaweza kupimwa. Dawa inaweza kuandikwa. Taarifa ya mwezi itasubiri.

Si kila mara jibu litakuwa jepesi hivyo. Siku nyingine mama ataambiwa, "Ni wa nje, na bila huo jalada halifunguki." Hata hapo atakuwa amepata kitu, kwa kuwa ataomba aandikwe daftarini, mtoto apimwe, na karatasi ingojee mtandao badala ya mtoto kuungoja.

Kuuliza si ujinga. Ukiambiwa tena kwamba mtandao haupo, uliza kwa heshima: ni upi?